Ghala Limejaa, Sahani Ina Rangi Moja

Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, nilibisha hodi katika nyumba moja ya kijijini, wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa. Aliyeitikia "kamwene" yangu alikuwa bibi mmoja aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango, akimwangalia mjukuu wake wa miezi ishirini. Mama wa mtoto alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kupalilia shamba lililo mwendo wa saa nzima kwa miguu, na hakutarajiwa kurudi kabla jua halijashuka. Pembeni mwa chumba yalisimama magunia matatu ya mahindi. Nje palikuwa na mparachichi uliobeba, kuku wanne, na mboga ya maboga iliyotambaa hadi kwenye uzio. Katika bakuli la plastiki lililofunikwa kwa sahani mlikuwa na ugali na majani ya maboga yaliyochemshwa kwa chumvi, vyote vimepikwa kabla mama hajatoka. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha mtoto cha asubuhi na cha mchana, na endapo mama angechelewa, cha jioni pia.

Nilimwuliza bibi kama mtoto huwa anapata mayai, kwa kuwa kuku nilikuwa nawaona. "Hayo mayai, mwanangu, ndiyo chumvi yetu na sabuni yetu," alinijibu bila hasira. "Nikimpa huyu yai leo, kesho mboga nitaitia nini?"

Nimeanza na nyumba hiyo kwa sababu mkoa ilikosimama ndio unaoongoza nchini kwa udumavu, na kwa sababu maelezo yanayotolewa mara kwa mara kuhusu hali hiyo hayamfikii bibi huyu wala mjukuu wake. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulikuta kwamba watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa, yaani walio wafupi kupita kiasi kwa umri wao, ni asilimia 30 kwa Tanzania nzima. Iringa walikuwa asilimia 56.9, Njombe asilimia 50.4 na Rukwa asilimia 49.8. Hii ndiyo mikoa ya Nyanda za Juu Kusini tunayoiita ghala la taifa, mikoa ambayo malori yake ya mahindi, viazi na maharage huilisha Dar es Salaam na kuvuka mpaka kwenda nchi jirani. Mkulima wake anavuna, anauza, na mtoto wake anadumaa. Hakuna tarakimu nyingine katika takwimu zetu za afya inayoniumiza kama hiyo.

Maelezo ya haraka yanayosikika kwenye semina, kwenye mabasi na hata kwenye majukwaa ya viongozi ni kwamba tatizo ni kabila. Wahehe, tunaambiwa, wanapenda ulanzi, pombe ya mianzi, kuliko chakula. Wabena wanauza kila kitu. Wafipa hawajali watoto. Wamaasai hawataki kubadilika. Wagogo wamezoea mlenda. Kila kabila limepewa dosari yake, na dosari hiyo hutajwa kama jibu lililokwisha kufanyiwa kazi. Mimi nasema jibu hilo si sahihi, na zaidi ya kutokuwa sahihi, linatuchelewesha. Tofauti za mlo wa watoto zinazoonekana kama tofauti za makabila, tukizikagua kwa karibu, nyingi hugeuka kuwa tofauti za mvua, za ardhi, za umbali, za mkono unaoshika fedha ya mavuno, na juu ya yote za saa alizo nazo mama ndani ya siku moja.

Kwanza tutazame tunajua nini hasa. Sensa ya Tanzania haijamwuliza mtu kabila lake tangu mwaka 1967, na uamuzi huo ulikuwa na hekima yake katika kujenga taifa. Takwimu zetu za lishe hutolewa kwa mkoa, kwa kipato cha kaya, kwa elimu ya mama, na kwa mjini au kijijini. Kwa hiyo anayesema "Wahehe wamedumaa" amechukua takwimu ya mkoa wa Iringa, wenye Wahehe, Wabena, Wakinga na wahamiaji wa kila namna waliofuata mashamba ya chai na misitu ya Mufindi, akaivisha jina la kabila moja. Mkoa umegeuzwa kuwa vazi la kabila. Kosa hilo laweza kuonekana dogo, lakini lina matokeo: mkoa unaweza kujengewa barabara, maji na vituo vya kulea watoto, ilhali kabila linaweza tu kuhubiriwa.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kudai kwamba watu wa nyanda za juu ni wafupi kwa asili, na kwamba kipimo chenyewe kimeletwa kutoka Ulaya. Dai hili linastahili jibu la heshima, kwa kuwa zamani lilikuwa na msingi. Vipimo vya ukuaji vilivyotumika kwa miongo mingi vilitokana na watoto wa Marekani. Lakini vipimo vinavyotumika sasa, vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, vilitokana na utafiti uliofanywa kati ya mwaka 1997 na 2003 katika miji sita: Accra nchini Ghana, Muscat nchini Oman, New Delhi nchini India, Oslo nchini Norwei, Pelotas nchini Brazili na Davis nchini Marekani. Watoto waliochaguliwa ni wale walionyonyeshwa vizuri, wasiovutishwa moshi wa sigara nyumbani, na walioishi katika mazingira yasiyozuia ukuaji. Watafiti walichokikuta ni kwamba watoto hao wadogo wa mataifa mbalimbali walikua kwa mwendo unaokaribiana sana. Mtoto wa Muscat na mtoto wa Accra, wakipewa nafasi sawa, katika miaka mitano ya mwanzo urefu wao hautofautishwi na damu zao. Basi mtoto wa Kilolo naye ana mfupa wa kurefuka kama wao, na kilichomzuia tukitafute mahali pengine.

Kuhusu mila, ushahidi mzuri zaidi ninaoufahamu kutoka nchini mwetu ni wa kaskazini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulipima afya ya watoto zaidi ya 3,500 katika vijiji 56, kwa taarifa zilizokusanywa kati ya mwaka 2009 na 2011, na ukawalinganisha Wamaasai, Wasukuma, Warangi na Wameru kwa majina yao ya makabila, jambo ambalo tafiti za kitaifa hazifanyi. Watoto wa Kimaasai walikutwa na hali mbaya kuliko wenzao, watoto wa Kimeru walikuwa na unafuu, na Warangi na Wasukuma wakawa katikati. Msomaji akiishia hapo atasema mila imethibitika. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba watoto wa Kimaasai walikuwa wakipata maziwa ya ng'ombe zaidi ya wengine, na kilichopungua kwenye mlo wao ni vyakula vya wanga, matunda na mboga, yaani vile ambavyo nchi kavu haioti na duka la karibu halina. Na miongoni mwa Wamaasai wenyewe, waliotegemea mifugo karibu peke yake walikuwa na hali ngumu kuliko wale waliokuwa wakilima. Kabila ni lilelile, lugha ni ileile, shuka ni ileile. Kilichotofautiana ni njia ya kupata chakula.

Takwimu za vijiji hivyohivyo zilitumika tena kupima jambo lingine linalolaumiwa sana, nalo ni ndoa za wake wengi. Kwa juujuu watoto wa kaya hizo walikuwa wafupi zaidi. Lakini watafiti walipozingatia kwamba kaya hizo zimekaa kwa wingi katika vijiji vyenye mvua haba, huduma duni na elimu ndogo, na walipolinganisha kaya za kijiji kimoja kwa zenyewe, madhara yaliyokuwa yakinasibishwa na uke wenza hayakuonekana tena. Sitetei ndoa hizo wala sizipingi hapa. Ninachotaka kionekane ni namna mila inavyobebeshwa mzigo wa mvua, kwa sababu mila inaonekana kwa macho ya mgeni na mvua iliyokosekana haionekani.

Jirani zetu wa Kenya wana somo linalofanana na hili kwenye pwani ninayoipenda. Utafiti wao wa mwaka 2022 uliikuta nchi nzima ikiwa na udumavu wa asilimia 18, lakini kaunti ya Kilifi ikawa na asilimia 37, juu kuliko kaunti nyingine zote, ikifuatwa na Pokot Magharibi yenye asilimia 34. Kilifi ina bahari ya samaki na minazi, na ina mahoteli ya watalii. Ni rahisi kuwanyooshea Wagiriama kidole. Lakini mtu akitoka barabara kuu ya Malindi akaingia bara, kuelekea Ganze, atakutana na ukame unaorudi kila mara, na akiuliza habari za ardhi ataambiwa juu ya maskwota. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliziacha familia nyingi za Kimijikenda zikiishi kwenye ardhi iliyoandikwa majina ya wengine, na mtu asiye na hakika ya kukaa mahali hapandi mwembe atakaokula mjukuu. Mlo wa mtoto wa Kilifi wa leo una historia ya zaidi ya miaka mia moja ndani yake.

Hata hivyo sitaki kuonekana kama nasema mila haina lolote. Mila ina nguvu yake, kwa ubaya na kwa uzuri, na wanaoikana kabisa hawajakaa jikoni. Katika sehemu nyingi za nchi bado wapo wanaoamini kwamba mtoto akila mayai atachelewa kusema au atakuwa mwizi, na kwamba mama mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele. Nyama na samaki huanza kwa baba, kisha wageni, na mtoto hupewa mchuzi, mchuzi ambao rangi yake humdanganya mama kwamba nguvu ya nyama imehamia humo. Ulanzi nao upo, na hugemwa miezi hiyohiyo ya mvua ambayo kazi ya shamba ni nzito kuliko zote. Mwanamke aliyepalilia tangu alfajiri akapata kikombe cha ulanzi mchana amepata kitu cha kumtuliza njaa kwa bei ndogo, na maziwa yake na subira yake kwa mtoto vinalipa gharama. Nimewaona akina mama hao. Sikuona ulevi wa starehe. Niliona njaa iliyotafutiwa dawa ya karibu.

Lakini mila hizohizo ndizo zilizotupa mlenda wa Wagogo uliochanganywa karanga, mtori wa Wachaga wenye nyama na ndizi, michembe ya Wasukuma, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa maharage na maziwa ya mgando, senene za Wahaya, ming'oko, mizizi ya porini ya kusini, na uji wa ulezi uliowakuza wazee wetu kabla mahindi hayajatawala kila shamba. Mapishi hayo yalikuwa na akili ndani yake: mafuta ya karanga hulisaidia jani la kijani kutoa vitamini A yake mwilini, na maziwa hukijaza chakula cha wanga kile kilichopungukiwa. Kama mila ndiyo ingekuwa inaamua sahani ya mtoto, watoto wetu wengi wangekuwa wanakula vizuri kuliko wanavyokula sasa. Kilichotokea ni kwamba mahindi meupe yalikuja kuwa chakula na fedha kwa wakati mmoja, ulezi ukabaki wa pombe na wa sherehe, karanga zikaenda sokoni, maziwa yakaenda kwenye kituo cha kukusanyia, na katika sahani ikabaki rangi moja.

Ndiyo maana napenda kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa lishe kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, ingawa ni kipimo rahisi sana. Hawaulizi mtoto ameshiba au la. Wanahesabu makundi: maziwa ya mama, nafaka pamoja na mizizi na ndizi, mikunde na karanga, maziwa na mazao yake, nyama pamoja na samaki na dagaa, mayai, matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi, na matunda na mboga nyingine. Makundi ni manane, na mtoto aliyekula angalau matano jana yake anahesabiwa kuwa amepata mchanganyiko wa kutosha. Tukimpima mjukuu wa Kilolo kwa kipimo hicho, ana nafaka, ana mboga za kijani, na ananyonya usiku mama akirudi. Matatu. Kumfikisha matano kunahitaji yai moja na kijiko cha parachichi lililopondwa, na vyote viwili vipo ndani ya uzio wa nyumba yao.

Kipimo hicho pia kinatufungua macho juu ya unga wa lishe, unaouzwa sasa kila mahali kwenye mifuko yenye picha ya mtoto mnene. Mama mwenye kipato cha kati mjini hununua unga wenye mahindi, mchele, ngano, mtama, uwele na ulezi, na anaamini kwamba vitu sita ni bora kuliko kimoja. Lakini vyote sita ni nafaka. Kwa hesabu ya mlo ni kundi moja tu lililovaa nguo sita. Karanga zinapotiwa humo zikiwa hazikuchambuliwa, au mahindi yakiwa yalivunda ghalani, unga huo huweza kubeba sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, ambayo watafiti wameihusisha na kudorora kwa ukuaji. Mama huyu hana kosa lolote. Ameuziwa wingi wa majina badala ya wingi wa makundi, na fedha aliyoitoa ingemnunulia mayai ya wiki na fungu la dagaa.

Hapo tunaingia kwenye tofauti za kipato, ambazo nazo zina uzito wake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba watoto wa miezi 6 hadi 23 waliopata mlo unaokubalika kwa kiwango cha chini kabisa, wenye mchanganyiko wa kutosha na unaoliwa mara za kutosha kwa siku, walikuwa asilimia 9 tu nchini kote. Tusome takwimu hiyo taratibu. Ikiwa zaidi ya watoto tisa katika kila kumi hawafikii kiwango hicho, basi mlo hafifu si tabia ya kabila fulani. Ni hali ya nchi, na wanaoinusurika ni wachache wenye fedha, muda na maarifa kwa pamoja. Fedha peke yake haitoshi: katika nyumba za wenye uwezo mijini mtoto wa miaka minne anabebeshwa juisi ya boksi na biskuti shuleni, na chakula chake cha jioni ni chipsi na soda, hivyo naye makundi yake ni machache, ila kilo zake zinazidi badala ya kupungua. Anayeishi kwenye chumba kimoja cha uswahilini, ambaye mama yake anauza maandazi alfajiri na ndizi jioni, hula kile kinachouzwa mtaani wakati mama hayupo. Watoto hawa wawili wanaweza kuwa wa kabila moja, hata wa ukoo mmoja.

Hata sheria zetu nzuri humfikia mwenye nacho kwanza. Tangu mwaka 2011 tuna kanuni zinazotaka viwanda vikubwa viongeze virutubisho kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Ni jambo jema, na mkazi wa mjini anayenunua unga wa kiwandani na mafuta ya chupa ananufaika bila kujua. Lakini mkulima wa Kilolo hupeleka debe lake la mahindi kwenye mashine ya kusaga ya kijijini, hulipia kusagiwa, akarudi na unga wake uleule. Anayelima mahindi ya taifa ndiye asiyekutana na kirutubisho kilichoongezwa.

Sasa turudi kwenye swali gumu: kwa nini Iringa na Njombe, na si mikoa maskini zaidi? Jibu langu, na naliandika nikijua kwamba wapo watakaolipinga, ni muda wa mama. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne au wa tano. Kulima, kupanda, kupalilia na kuweka mbolea vinabanana katika miezi hiyo, na miezi hiyohiyo ndiyo akiba inapopungua na watoto wanapohara na kukohoa. Shamba liko mbali, mara nyingi ni mashamba mawili au matatu yaliyotawanyika milimani, kwa sababu ardhi ya karibu imepandwa misonobari, au parachichi za kuuza nje, au viazi. Mtoto wa miezi tisa ana tumbo dogo. Anahitaji kulishwa kidogokidogo mara tatu au nne kwa siku, na mtu wa kukaa naye akimbembeleza. Mama aliyeondoka saa kumi na moja alfajiri hawezi kuwa mtu huyo. Anapika mara moja, anafunika, anaondoka. Chakula kinapoa, kinachacha, na mtoto hukigusa mara mbili akakiacha. Baadaye mtaalamu anakuja na kitabu cha picha kumfundisha mama kwamba mtoto anatakiwa ale mara nne. Analijua hilo. Anachokosa ni siku yenye saa thelathini.

Na anapokosekana mama kabisa, mzigo huangukia kwa bibi. Njombe na Iringa ndiyo mikoa iliyoumizwa zaidi na VVU nchini. Utafiti wa mwaka 2022-23 ulikuta maambukizi kwa watu wazima yakiwa asilimia 12.7 Njombe na asilimia 11.1 Iringa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Nyuma ya tarakimu hizo wapo watoto waliolelewa na bibi zao, ambao sasa ni wazazi, na wapo mabibi ambao waliishazika nguvu zao pamoja na watoto wao na leo wanalea kizazi cha pili. Ukiyajua hayo, kumwambia mtu wa Njombe kwamba mtoto wake amedumaa kwa sababu ya kabila lake ni neno la kikatili.

Suala la mkono unaoshika fedha nalo halikwepeki. Katika nyumba nyingi mahindi ni ya mama yakiwa shambani na ni ya baba yakiwa kwenye gunia. Mnunuzi anapofika, mapatano hufanywa na baba, na fedha hutoka na mipango yake, ambayo mingine ni ya maana: bati, ada, pikipiki ya kubebea mizigo. Kinachobaki mikononi mwa mama ni vitu vidogo vya kila siku, yai, fungu la mboga, lita moja ya maziwa. Na kwa kuwa chumvi, sabuni na mafuta ya taa ni juu yake, vitu hivyo vidogo, ambavyo ndivyo vyenye makundi anayoyahitaji mtoto, ndivyo vinavyouzwa kwanza. Yule bibi hakuwa na ujinga wa lishe hata kidogo. Alikuwa akifanya hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi kwa fedha alizopewa kuzihesabu.

Inaniuma zaidi kwa sababu Iringa iliwahi kuujua ukweli huu kabla ya dunia. Mwaka 1983 ilianza hapo programu ya lishe iliyoungwa mkono na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za serikali ya Italia, ikianza na vijiji 168, wakati Njombe ikiwa bado ni sehemu ya mkoa huo. Watoto walipimwa uzito kijijini kwao, matokeo yakawekwa mbele ya serikali ya kijiji, na wanakijiji wenyewe wakauliza: huyu ameshuka kwa nini? Majibu yalipangwa kwa ngazi. Sababu za karibu ni chakula na maradhi. Chini yake kuna upungufu wa chakula katika kaya, matunzo ya mama na mtoto, maji na huduma za afya. Na chini kabisa kuna uchumi na mamlaka. Mchoro huo wa sababu ulitoka kwenye vijiji vya Iringa ukakubaliwa na UNICEF mwaka 1990, na hadi leo wanafunzi wa lishe ulimwenguni kote hufundishwa kwa mchoro huo. Vijiji vilianzisha vituo vya kulelea na kulishia watoto wadogo, kwa kuwa viligundua kwamba tatizo lao lilikuwa mchana wa mtoto asiye na mama. Utapiamlo mkali ulipungua sana ndani ya miaka michache. Kisha fedha za wafadhili zikaisha, vijiji vikaachiwa mzigo vyenyewe katika miaka ambayo serikali ilikuwa inabana matumizi, na vituo vingi vikafungwa.

Nchi haijalala, na ni haki kusema hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 udumavu ulikuwa asilimia 50, na sasa ni 30. Tunayo Taasisi ya Chakula na Lishe tangu mwaka 1973, tunao maofisa lishe katika halmashauri, tunao mkataba wa lishe ambao wakuu wa mikoa waliusaini mbele ya Rais jijini Dodoma mwaka 2022. Halmashauri zinatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Nimeitafakari sana shilingi hiyo elfu moja. Ni bei ya mayai mawili au matatu. Na mahali ambapo hata hiyo inatengwa, sehemu yake huishia kwenye vikao, mafuta ya magari na maadhimisho, ambamo mama anaitwa kutoka shambani, katika mwezi wa kupalilia, kuja kufundishwa umuhimu wa kukaa na mtoto.

Kama ningepewa nafasi ya kuzipangia fedha hizo matumizi katika wilaya moja ya Nyanda za Juu, nisingezigawa sawasawa kwa miezi kumi na miwili. Ningezimimina zote kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa tatu, nikawalipa akina mama wawili au watatu katika kila kitongoji wawakusanye watoto wa chini ya miaka mitatu, wawapikie uji wenye maharage au maziwa, na wawalishe mara tatu kabla wazazi hawajarudi. Mahindi yangetoka kwenye kaya zenyewe, debe kwa debe, kama ilivyowahi kufanyika. Mayai yangenunuliwa kutoka kwa mabibi walewale wanaoyauza leo, ili fedha ya chumvi ibaki pale ilipo na yai liingie kinywani mwa mtoto wa kijiji hichohicho. Na ningetaka takwimu za lishe zichambuliwe kwa umbali wa shamba na kwa saa za mama kuwa nje ya nyumba, ili mkuu wa wilaya ajue ni kitongoji gani, badala ya kukisia ni kabila gani.

Nilipoaga nyumba ile bibi alinisindikiza hatua chache, mtoto akiwa mgongoni. Alinionyesha jengo la matofali ya kuchoma mkabala na ofisi ya kijiji, lenye madirisha ya chini, yaliyojengwa kwa kimo cha watoto. Mabinti zake wawili, alisema, walikuwa wakiachwa hapo kila asubuhi ya masika, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wapishi. Tulichungulia ndani pamoja. Mlikuwa na mifuko ya mbolea ya kukuzia iliyopangwa hadi darini, na ukutani, juu ya mifuko hiyo, bado ilisomeka alama ya mkaa aliyoichora mtu zamani kupima urefu wa mtoto.